Namna ya kubadilisha choki kwenye taa za zamani za mekyuri

Jioni swichi inapobonyezwa, taa ya mekyuri, yaani ya zebaki, haiwaki kwa pupa. Kwanza unaona mwanga hafifu wa urujuani katikati ya balbu, kama jiko linaloanza kushika. Dakika nne au tano baadaye ndipo uwanja unapata ule weupe wenye ubuluu ambao waliosoma shule za bweni au kufanya kazi kwenye maghala ya katani na viwanda vya kuchambua pamba wanaujua vizuri. Taa hizi nyingi zilifungwa kabla baadhi yetu hatujajua kushika bisibisi, na bado zipo. Kinachozisimamisha mara nyingi ni balasti, ambayo mafundi tumezoea kuiita choki.

Baada ya miaka mingi ya kupanda ngazi kwa ajili ya taa hizi, kuna jambo moja nalishikilia: choki haifi bure. Ni shaba na chuma tu. Haina kinachosogea ndani yake, haina elektroniki, na ikikaa pakavu pasipo joto la kupita kiasi inaishi miaka mingi kuliko balbu kadhaa zikiwekwa pamoja. Ikiungua, kuna kilichoiunguza. Ukifunga mpya bila kukitafuta, utarudi kwenye ngazi ile ile kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu ni kubadilisha choki, na nusu nyingine ni kumtafuta muuaji.

Kazi yenyewe ya choki

Ndani ya balbu ya mekyuri kuna kibomba kidogo cha kioo kigumu chenye gesi ya agoni na tone la zebaki. Gesi ikishashika moto, haina tena nguvu ya kuuzuia umeme. Kadiri umeme unavyopita ndivyo njia inavyozidi kufunguka, na bila kizuizi balbu ingepasuka au fyuzi ingekatika mara moja. Choki ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye mabamba ya chuma, na imekaa kwenye mstari mmoja na balbu: umeme wote wa balbu lazima upite kwake kwanza. Yeye ndiye anayesema basi, zisizidi hizi.

Kwa njia ya umeme wetu ya volti 230 na hezi 50, hivi ndivyo viwango vya kukariri (kapasita ni kifaa kinachopunguza umeme unaovutwa kwenye njia, nitaieleza mbele):

Balbu ya wati 80: ampea 0.8, kapasita ya mikrofaradi 8.
Balbu ya wati 125: ampea 1.15, kapasita ya mikrofaradi 10.
Balbu ya wati 250: ampea 2.15, kapasita ya mikrofaradi 18.
Balbu ya wati 400: ampea 3.25, kapasita ya mikrofaradi 25.

Ziandike nyuma ya kifuniko cha boksi lako la vifaa. Zitakuokoa dukani, na zitakuokoa tena wakati wa kupima.

Hakikisha kwanza ni mekyuri

Si kila taa kubwa ya uwanjani ni ya mekyuri. Ikiwaka njano ya machungwa, hiyo ni sodiamu, na ndani yake utakuta kiboksi kidogo cha tatu mbali na choki na kapasita: ignaita, inayopiga volti elfu kadhaa ili kuiamsha balbu. Taa ya mekyuri ya kawaida haina ignaita. Balbu yake ina elektrodi ndogo ya kuanzishia ndani kwa ndani. Ipo pia balbu ya mchanganyiko, maarufu kwa wati 160, yenye umbo lile lile na kioo kilekile cheupe, lakini inawaka pale pale ukiiwasha kwa sababu ina waya wa kuwaka kama balbu ya kizamani. Hiyo haitumii choki kabisa. Nimemkuta fundi akihangaika kutafuta choki kwenye taa ambayo haijawahi kuwa nayo.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kuchanganya choki. Niliwahi kuitwa kwenye shule moja ya sekondari yenye taa sita za mekyuri za wati 250. Tatu zilikuwa zimekufa kwa kupishana miezi michache tu tangu zikarabatiwe. Nilipofungua ya kwanza, holda ya kauri ilikuwa na ufa, na waya uliotoka kwenye choki kwenda kwenye holda ulikuwa umekauka, ukiugusa unavunjika kama kuti kavu. Choki ilikuwa mpya kabisa na imeandikwa wati 250. Lakini chini yake, kwa maandishi madogo: SON, 3.0A. Ilikuwa ya sodiamu. Wati ni zilezile, ila choki ya sodiamu inaachia umeme mwingi kuliko balbu ya mekyuri inavyoweza kubeba. Wiki za mwanzo taa zilimulika sana, na mwalimu aliniambia walifurahi kwamba ukarabati ule umeleta mwanga kuliko zamani. Mwanga ule ulikuwa wa balbu inayochomwa.

Tangu hapo sisomi wati kwanza. Nasoma ampea.

Usalama kabla ya ngazi

Kazi hii ni ya mtu mwenye ujuzi wa umeme. Kwa Tanzania mfungaji anatakiwa awe na leseni ya EWURA, kwa Kenya leseni ya EPRA. Kama taa iko kwenye nguzo ya barabarani ya shirika la umeme au halmashauri, hiyo si yako, waite wenyewe.

Sasa kuna mtego mmoja ambao lazima niueleze kwa kirefu. Taa nyingi za nje zinawashwa na fotoseli, kile kijicho kinachoona giza. Mchana taa imezima, testa kwenye holda haioneshi kitu, na fundi anaamini umeme haupo. Lakini waya wa moto umefika mpaka kwenye fotoseli na unasubiri. Wingu zito likipita, au wewe mwenyewe ukikifunika kijicho kwa mwili wako wakati umeinama, fotoseli inafunga na umeme unakuja mkononi mwako ukiwa mita sita juu. Kwa hiyo usitegemee mchana wala swichi ya ukutani. Zima breka ya taa hizo kwenye boksi kuu, ifunge kwa kufuli au itoe fyuzi uiweke mfukoni, na umwambie mlinzi na mwenye nyumba unachofanya. Kisha panda, funika fotoseli kwa makusudi, subiri dakika mbili, halafu pima kwa multimita: kati ya moto na nyutro, kati ya moto na ethi, kati ya nyutro na ethi. Vipimo vyote vitatu visome sifuri. Na hiyo multimita ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, maana mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Kama taa ilikuwa inawaka, iache ipoe nusu saa. Vaa miwani na glovu, ngazi ishikwe na mtu, na kama taa iko juu sana tafuta jukwaa. Choki ya wati 400 ni nzito. Ikikuponyoka, aliye chini ndiye atakayeumia.

Kapasita nayo hubaki na chaji. Nyingi zina rezista ndogo ya kuimaliza chaji hiyo ndani ya dakika moja, lakini rezista huungua. Kabla ya kugusa, unganisha miguu yake miwili kwa rezista ya kilo-omu kadhaa yenye mpini uliofunikwa, kisha pima uhakikishe.

Nani anaumwa?

Usianze na choki. Anza na kilicho rahisi.

Balbu. Toa, weka nyingine ya aina hiyo hiyo unayojua ni nzima. Lakini subiri, usiifunge bado, soma kwanza aya ya kupima choki hapa chini. Balbu ya mekyuri iliyozeeka haizimi ghafla. Inafifia mwaka hadi mwaka, inabaki na rangi ya kijani hafifu, na watu wanalaumu choki bure. Kama inawaka dakika chache, inazima, inakaa dakika tano au zaidi ndipo inawaka tena, hiyo ni tabia ya balbu iliyochoka au ya volti zinazoyumba. Mekyuri ikizima ikiwa ya moto haiwezi kuwaka tena mpaka ipoe.

Volti. Pima jioni, saa ile watu wote wamewasha taa na pasi. Mchana utapata 230 safi na utadanganyika. Zikishuka chini ya 200 hivi, taa inasuasua kuwaka, na choki mpya haitakusaidia chochote.

Holda. Chungulia ndani. Kile kiulimi cha katikati kikiwa kimelala au kimeliwa na kutu, balbu haigusi vizuri, inapiga cheche na kupasha moto. Huku pwani chumvi ya bahari inazila holda kuliko kitu kingine chochote. Na usishangae ukikuta mjusi aliyekauka amelala juu ya konekta, au kiota cha nyigu kimeziba matundu ya hewa. Nyigu wale nimewakuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hawa ni wauaji halisi wa choki, kwa sababu taa isiyopumua inapika kila kilichomo.

Choki. Ikiwa umeme umezimwa na waya mmoja wa choki umechomolewa, weka multimita kwenye omu. Choki nzima inasoma omu chache tu: ya wati 400 inaweza kuwa mbili au tatu, ya wati 80 ikafika kumi na kitu. Ikisoma haina mwisho, waya umekatika ndani. Ikisoma karibu na sifuri, mizunguko imegusana, na hii ndiyo hatari. Choki iliyokatika inaiacha taa giza, haidhuru mtu. Choki iliyogusana inauachia umeme wote uende kwenye balbu, na ile balbu mpya uliyopanda nayo itapasuka usoni pako. Ndiyo maana nimesema choki ipimwe kabla ya balbu nzima kuingia. Kama kuna taa nyingine ya aina hiyo hiyo inayofanya kazi, pima choki yake ulinganishe. Kipimo cha dada yake ni bora kuliko namba yoyote ya kitabuni.

Kisha pima kati ya waya wa choki na bodi yake ya chuma. Hapa multimita ya kawaida inaweza kukudanganya, kwa hiyo ukiwa na mega ya volti 500, yaani kipimo cha kugundua umeme unaovuja, itumie, baada ya kuchomoa waya zote. Chini ya megaomu 2, iondoe. Inavujisha umeme kwenye bodi ya taa, na bodi hiyo imefungwa kwenye nguzo ya chuma ambayo watoto wanaishika.

Macho na pua nayo ni vifaa. Rangi iliyobabuka, harufu ya vanishi iliyoungua, lami nyeusi iliyochuruzika chini ya choki: mgonjwa umempata. Mlio peke yake si ugonjwa. Choki zote zinavuma, na mara nyingi kukaza skrubu zake kunatosha.

Dukani

Kuna swali la kujiuliza kabla ya kutoa pesa: je, taa hii inastahili choki mpya? Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha kati ya nchi balbu za mekyuri za mwangaza wa kawaida. Ulaya ilizifungia soko tangu mwaka 2015. Marekani ilianza na balasti zenyewe: tangu tarehe 1 Januari 2008 haziruhusiwi kutengenezwa wala kuingizwa nchini humo kwa taa za kawaida. Kinachouzwa leo ni akiba iliyobaki, na itaisha. Mimi nafunga choki mpya pale ambapo mwenye taa ana balbu zake kwenye stoo, au taa ni moja kati ya nyingi nzima na hana fedha za kubadilisha zote. Zaidi ya hapo namshauri aende LED, na nitaeleza namna yake mbele.

Ukiamua kununua, soma kibandiko chote. Ampea zilingane na zile nilizoandika juu. Hezi ziwe 50. Volti zilingane na za kwako. Choki nyingine zina mdomo, yaani sehemu ya kuungia waya, wa 220, wa 230 na wa 240, na ukiunga njia ya 240 kwenye mdomo wa 220, umeme utazidi na joto litapanda. Halafu kuna alama mbili ambazo wengi wanazipita: tw130 na Δt70. Ya kwanza inasema shaba ya ndani inaweza kuvumilia nyuzi 130 kwa miaka kumi ya kuwaka mfululizo. Ya pili inasema choki ikifanya kazi, joto lake linapanda nyuzi 70 juu ya hewa inayoizunguka. Toa 70 kwenye 130, unabaki na 60. Hewa ndani ya boksi la taa ikizidi nyuzi 60, umeanza kula maisha ya choki, na kila nyuzi kumi za ziada zinapunguza umri wake kama nusu. Fikiria taa iliyo chini ya bati, Morogoro au Mombasa, mwezi wa Februari, imewaka tangu magharibi huku bati bado lina joto la mchana. Ukipata yenye Δt ndogo zaidi, ichukue hata kama ni ghali kidogo. Na ukiwa na mbili za wati sawa, zipime kwa mikono: ile nyepesi sana imepunjwa chuma au shaba.

Ukikosa iliyoandikwa mekyuri, zipo choki zilizoandikwa kwa ajili ya mekyuri na kwa aina fulani ya metali halaidi (aina nyingine ya balbu ya gesi) kwa pamoja, zenye ampea zilezile 2.15 au 3.25. Hizo zinafaa, ila usiunge ignaita.

Jihadhari na taa za mtumba zinazokuja na makontena kutoka Amerika Kaskazini. Utazijua kwa wati zake za ajabu kwetu, kama 175. Choki zake zimejengwa kwa hezi 60. Kwenye hezi 50 kizuizi chake kinapungua kwa sehemu moja ya sita, umeme unazidi na chuma kinachemka. Ndugu zetu walioko kule wanaofanya kazi hii wajue kwamba taa zao nyingi hazina choki ya kawaida bali transfoma yenye midomo ya 120, 208, 240 na 277, na kapasita yake imekaa kwenye mstari wa balbu, si pembeni kama yetu. Mchoro wa kule ni ule uliobandikwa kwenye balasti yenyewe, wala si huu wa kwangu.

Kutoa na kufunga

Umeme umezimwa, umefungiwa, umepimwa. Piga picha ya waya zote kwa simu kabla hujagusa hata moja, kisha funga vipande vya tepu na uviandike: moto, nyutro, holda. Inaonekana kama kupoteza muda mpaka siku mvua inapokukatiza katikati ya kazi.

Toa balbu uikabidhi kwa aliye chini. Legeza konekta, chomoa waya, kisha legeza skrubu za choki ukiwa umeishika kwa mkono mmoja. Skrubu zilizoshikwa na kutu zipe mafuta ya kulegeza na dakika kumi. Ukizilazimisha utakata kichwa na kazi ya nusu saa itakuwa ya siku nzima.

Choki ikishatoka, usikimbilie mpya. Safisha. Toa viota, vumbi, mbawa za wadudu. Kwangua kutu pale choki ilipokalia, kwa sababu bodi ya taa ndiyo inayoipoza. Choki iliyokaa juu ya kutu na vumbi ni kama mtu aliyefunikwa blanketi mchana wa jua. Angalia gasketi ya kifuniko: kama imekuwa ngumu na ina nyufa, maji yanaingia, na pengine umemwona muuaji. Angalia tundu la kupitishia waya lina mpira wake.

Funga choki mpya ikae bapa, chuma kwa chuma, skrubu zote, si mbili za pembeni tu. Iache mbali na kapasita kadiri nafasi inavyoruhusu, kwa sababu kapasita haipendi joto la choki.

Sasa waya. Moto wa njia unaingia kwenye mdomo mmoja wa choki. Mdomo wa pili unakwenda kwenye kiulimi cha katikati cha holda. Nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye kile chuma chenye nyuzi za kufungia balbu. Kwa mpangilio huo mtu akishika shingo ya balbu wakati anaibadilisha hagusi moto. Choki isiwekwe kwenye nyutro hata siku moja. Ikiwa huko na waya wa kati ya balbu na choki ukagusa bodi, choki imerukwa, na balbu inapata volti zote 230 bila kizuizi. Kapasita inaungwa sambamba na njia: mguu mmoja kwenye moto unaoingia, mwingine kwenye nyutro, kabla ya choki. Haina nguzo chanya wala hasi. Ethi ifungwe kwenye bodi ya taa kwa skrubu iliyokwanguliwa rangi chini yake.

Waya wa choki kwenda holda usiwe wa kawaida wa plastiki. Huo umetengenezwa kwa nyuzi 70, na karibu na shingo ya balbu joto linapita hapo mbali. Tumia waya wa silikoni wenye soksi ya nyuzi za kioo, na konekta ya kauri. Kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono. Unaotoka ungetoka wenyewe wiki ijayo.

Kapasita, kwa nini usiitupe

Mafundi wengi wakikuta kapasita imevimba wanaikata, taa inawaka vilevile, wanasema haikuwa na kazi. Ni kweli balbu haiitegemei kuwaka. Lakini fanya hesabu. Taa moja ya wati 250 bila kapasita inavuta ampea 2.15. Ikiwa na kapasita ya mikrofaradi 18, inavuta kama 1.3. Taa kumi za uwanja mmoja ni ampea 21.5 bila kapasita, na kama 13 zikiwa nazo. Breka ya 20 inaanguka kila jioni, waya za ardhini zinapata moto, volti kwenye taa ya mwisho zinashuka, na mtu anaitwa kubadilisha choki ya taa ya mwisho ambayo haina kosa lolote. Badilisha kapasita pamoja na choki kama imevimba, inavuja, au multimita yenye kipimo cha mikrofaradi inaonesha imepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi. Iandikwe volti 250 za AC au zaidi.

Angalizo zito: kapasita za zamani sana, za kabla ya miaka ya 1980, zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, ambayo ni sumu isiyooza na inabaki mwilini. Ikiwa inavuja mafuta, usiiguse kwa mkono mtupu, usiipasue, usiichome ili kupata alumini. Ifunge kwenye mifuko miwili na uulize ofisi ya mazingira ya wilaya pa kuipeleka.

Kuwasha na kupima

Pima kwa mega mara ya mwisho ukiwa umetoa balbu na kuchomoa kapasita: moto na nyutro pamoja, dhidi ya ethi. Ikikubali, rudisha kapasita, weka balbu, washa. Simama pembeni, si chini yake.

Weka klampu mita, ile inayoushika waya kwa nje na kusoma ampea, kwenye waya wa choki kwenda holda. Mwanzoni itasoma juu, kama mara moja na nusu ya kiwango au zaidi kidogo, kisha ishuke taratibu kadiri balbu inavyopata joto. Baada ya dakika kumi isome karibu na namba yako: 1.15, 2.15, 3.25. Ikibaki juu, zima, kwa sababu ama choki si ya balbu hiyo ama mdomo wa volti si sahihi. Kisha pima waya wa njia inayoingia. Uwe mdogo kuliko ule wa holda. Kama ziko sawa, kapasita haifanyi kazi.

Usiondoke bado. Acha taa iwake saa nzima huku ukiwa umekaa kivulini na chai yako, kisha uangalie tena.

Kioo cha nje kikivunjika

Balbu ya mekyuri ina vioo viwili. Cha nje, kile kikubwa cheupe, ndicho kinachozuia miale ya urujuanimno. Mpira au jiwe likikivunja, kibomba cha ndani kinaweza kuendelea kuwaka saa nyingi, na taa inaonekana nzima kwa mtu aliye mbali. Waliokaa chini yake wanaamka na macho yanayouma kama yaliyotiwa mchanga na ngozi iliyoungua. Imewahi kutokea kwenye kumbi za michezo, wachezaji na watazamaji wakaumia pamoja. Ukiona taa ya mekyuri imevunjika kioo lakini inawaka, izime saa ile ile na uwaondoe watu, hata kama ni katikati ya mechi au harusi.

Balbu ikivunjika kabisa, fungua madirisha, toka kwa dakika kumi na tano, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na tepu. Usifagie kwa ufagio, utaisambaza zebaki. Balbu zilizokufa zisipasuliwe wala kutupwa shimoni karibu na kisima. Ziwekwe kwenye boksi lake mpaka zipate pa kwenda.

Kama unaachana na choki

Kwa LED zinazoingia kwenye holda ya E27 au E40, toa choki na kapasita zote kwenye njia, na uunge moto na nyutro moja kwa moja kwenye holda, isipokuwa kama balbu imeandikwa inakubali choki. LED ya wati 40 hadi 60 inatosha mahali pa mekyuri ya 125. Chagua inayoruhusiwa kwenye taa iliyofungwa, na hakikisha holda inabeba uzito wake. Balbu ya mchanganyiko ya wati 160 nayo inakubali njia hiyo ya moja kwa moja, ila inakula umeme mwingi kwa mwanga mdogo, na ndani yake bado kuna zebaki.

Sasa kile ninachokiona kama hatua muhimu kuliko zote kwenye kazi hiyo ya kuondoa choki. Chukua kalamu isiyofutika, na ndani ya kifuniko, karibu na holda, andika kwa herufi kubwa: HAINA CHOKI, USIWEKE BALBU YA MEKYURI. Kuna siku mtu atakuja na balbu ya zamani aliyoikuta stooni, itaingia vizuri kwenye nyuzi zilezile, naye atakuwa amesimama juu ya ngazi wakati mwenzake chini anawasha breka. Na kama umefunga choki mpya, andika tarehe, aina ya balbu, na ampea ulizozisoma baada ya dakika kumi. Fundi atakayefungua kifuniko hicho baada yako ataanza na namba ya kulinganisha.